Porini Hakuna Meza

Juni ikiingia, ukungu unaufunika Mlima Meru mpaka jua linakaribia utosi, watu wa Arusha wanavaa makoti hadi ofisini, na wenye bunduki za kuwindia wanaanza mazungumzo yaleyale ya kila mwaka. Msimu unafunguliwa Julai mosi. Kwenye nyama choma, Sakina au Njiro, mmoja anatoa simu na kuonyesha picha ya karatasi ya shabaha: mita 100, matundu matatu yaliyokaribiana kiasi kwamba sarafu moja ingeyaziba yote. Wenzake wanaipitisha simu mkono kwa mkono, wanaguna kwa heshima. Bunduki iko tayari, basi na mwenyewe yuko tayari. Kilichobaki ni kibali na mafuta ya gari.

Kwamba bunduki iko tayari, nakubali. Kwamba mwenyewe yuko tayari, sikubali, na karatasi ile haina uwezo wa kunishawishi.

Tuangalie kinachofanyika pale renji, kwenye uwanja wa kulengea shabaha. Kuna meza nzito, mifuko ya mchanga mbele na nyuma ya bunduki, kiti, kivuli. Mpigaji amekaa, amepumzika, hakuna anayemharakisha. Kila kinachoweza kutikisika kimedhibitiwa, na kinachotikisika kuliko vyote ni binadamu mwenyewe. Ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu meza ina maswali mawili tu ya kujibu. Je, darubini inatazama pale risasi inapokwenda? Na kati ya aina za risasi zinazopatikana, ni ipi ambayo bunduki hii inaipeleka mahali pamoja kila mara? Kwa maswali hayo meza haina mbadala, na anayeiruka anawaonea wanyama. Hata bunduki iliyojibu vizuri Ulaya wiki iliyopita, ikishashushwa uwanja wa ndege wa KIA ndani ya sanduku na kutikiswa kwenye njia za vumbi za Longido au Simanjiro, inapaswa kuulizwa upya. Ndiyo maana kwenye kambi nyingi za uwindaji, mgeni akishapewa chai, kinachofuata ni boksi la karatasi kuchorwa alama na kuwekwa mbele ya kichuguu.

Ila ukibahatika kulishuhudia zoezi hilo la kambini, usilitazame boksi. Mtazame mwindaji bingwa, yule mwenye leseni anayemwongoza mgeni. Mara nyingi macho yake yako kwa mgeni. Anaangalia kama kope zinafumba kabla ya mlipuko, kama bega linajisukuma mbele kulikabili teke ambalo bado halijaja, kama mkono unaivuta bolti papo hapo au mtu anainua kichwa kwanza kulitafuta tundu lake. Boksi linampa habari za darubini. Habari nyingine anazisoma mwilini mwa mgeni, na ndizo zitakazoamua kesho wamsogelee mbogo mpaka mita ngapi.

Kuna hesabu ndogo ambayo ningependa ibandikwe kwenye ukuta wa kila renji. Chukua bunduki yenye mtutu wa sentimita 60. Kidole kikivuta kifyatulio na mdomo wa mtutu ukahama milimita moja tu, huku sehemu ya nyuma imetulia, risasi itakwenda pembeni karibu sentimita 17 kwa umbali wa mita 100. Sasa linganisha. Bunduki inayopiga kundi la sentimita tano na ile inayopiga kundi la sentimita mbili zinatofautiana kwa sentimita moja na nusu kila upande wa kitovu. Mtu anatumia fedha na miezi kuitafuta sentimita moja na nusu hiyo, anabadilisha darubini, anaagiza risasi za bei mbaya, kisha anasimama nyikani, anahema, jasho liko machoni, na anapoteza sentimita 17 kwa mara moja.

Hata karatasi yenyewe ina ulaghai wake. Kundi la risasi tatu, kwa bunduki ileile na risasi zilezile, lina upana ambao kwa wastani ni theluthi mbili hivi tu ya kundi la risasi kumi. Hilo halina uhusiano na ufundi. Kadiri unavyopiga nyingi, ndivyo zile za pembeni zinavyopata nafasi ya kujitokeza. Anayepiga tatu tatu mara kadhaa halafu akaipiga picha ile iliyopendeza amejichagulia jibu. Isitoshe, risasi ya pili na ya tatu zinatoka kwenye mtutu uliokwisha kupata moto, ilhali risasi inayowinda ni ya kwanza, mtutu ukiwa baridi, pengine na utando wa mafuta ndani tangu uliposafishwa. Kwenye bunduki nyingi risasi hiyo huangukia mahali tofauti kidogo na zinazoifuata. Kama ni lazima kutembea na picha kwenye simu, basi iwe ya karatasi moja iliyopigwa risasi moja moja kwa asubuhi kumi mbalimbali. Hiyo nitaivulia kofia.

Hapa ndipo wazee wa mji wanapocheka. Wanasema: zamani hapakuwa na renji wala darubini, na watu waliwinda. Kweli tupu, na upande wa mashariki wa Meru ushahidi upo. Margarete Trappe alifika nchi hii mwaka 1907 pamoja na mumewe, wakafungua mashamba Ngongongare na Momella, naye akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza Afrika Mashariki kupata leseni ya mwindaji bingwa. Habari zake bado zinasimuliwa Momella, kulekule ambako mwanzoni mwa miaka ya 1960 John Wayne alikuja kuigiza sinema ya Hatari! (Sinema hiyo, kwa bahati mbaya, imewaachia watu wengi picha kwamba uwindaji hufanywa juu ya gari linalokwenda kasi. Waigizaji wale walikuwa wakikamata wanyama kwa ajili ya bustani za wanyama, na kumpiga mnyama risasi ukiwa ndani ya gari ni kosa la jinai.) Lakini wasimuliaji wanaruka jambo moja. Mtu wa maisha yale alikuwa na bunduki mikononi majira yote. Alipiga kwa ajili ya kitoweo, kwa ajili ya kulinda mifugo, kwa ajili ya kipato. Hakuhitaji renji kwa kuwa maisha yake yalikuwa renji. Mfanyabiashara wa Barabara ya Sokoine aliyeifungia bunduki kabatini tangu msimu uliopita hana haki ya kujilinganisha naye, hata kama wamezaliwa chini ya mlima mmoja.

Mfano ulio wazi zaidi uko upande wa pili. Pita Karatu, kisha ushuke mpaka bonde la Ziwa Eyasi. Kwa Wahadzabe, mtoto wa kiume hupewa upinde akiwa na umri wa miaka mitatu hivi. Tangu hapo kazi yake ni kurusha: kwenye magome ya miti, kwa ndege, kwa mijusi, kwenye kitu chochote ambacho wenzake wamekiweka kushindania. Anarusha amechuchumaa, anarusha amesimama, anarusha akichungulia kati ya matawi. Siku atakayofuatana na wakubwa kuwinda, mkono wake umeuvuta upinde mara zisizohesabika. Mgeni akimwona mtu mzima wa Kihadzabe analenga, haraka sana husema ni kipaji, kiko kwenye damu. Naona huko ni kumdhulumu mtu jasho lake. Jambo jingine ambalo mgeni huyo halioni ni kwamba fundi huyo, pamoja na mazoezi yote hayo, hunyatia mpaka awe karibu kabisa ndipo aachie mshale. Hajivunii umbali. Wanaojivunia umbali ni sisi tulioanza kulenga juzi.

Imani nyingine inayopendwa sana Arusha, hasa na vijana wanaotaka kuwa wawindaji bingwa, ni kwamba bunduki kubwa husamehe. Ukikosea kidogo, eti uzito wa risasi utamalizia kazi. Kanuni zetu zinataka kiwango cha chini cha kipenyo cha inchi .375 kwa wanyama hatari, mbogo akiwamo, na ni kanuni nzuri: risasi ya gramu 19 na ushei, ikitoka kwenye .375 ya Holland & Holland iliyobuniwa London mwaka 1912, hupenya mfupa wa bega ambapo risasi ndogo ingepinda au kuvunjika. Lakini kupenya ni jambo moja na kusamehe ni jingine. Risasi ya tumboni ni risasi ya tumboni, iwe imetoka kwenye .375 au kwenye .458.

Walter Bell, Mskoti aliyewinda tembo Karamoja nchini Uganda mwanzoni mwa karne iliyopita, aliua tembo zaidi ya elfu moja, na wengi wao kwa bunduki ya milimita saba, ambayo leo hairuhusiwi kwa mnyama huyo. Sisemi aigwe. Idadi yenyewe inatia huzuni, na zama hizo zimepita. Ninachokitaka kwake ni namna alivyofikia hapo. Alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili aone ubongo umekaa wapi hasa ukitazamwa kutoka kila upande, akabeba bunduki yake mwenyewe badala ya kumpa mpagazi, na hakuchoka kufanya mazoezi ya kulenga bila kupiga. Alijua pa kupiga, na mkono wake ulitii. Risasi kubwa haiwezi kumpa mtu hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Tena bunduki kubwa huviharibu. Teke la .458 kwa mtu asiyelizoea linaufundisha mwili wake kuogopa, na mwili haufundishwi kwa maneno. Baada ya risasi chache macho yanaanza kufumba, mkono unakaza, mdomo wa mtutu unainama sehemu ndogo ya sekunde kabla ya wakati. Ile milimita tuliyoitaja ikishaingia, haitoki kwa urahisi. Meza inazidisha balaa, maana mtu aliyesimama husukumwa akayumba nyuma kidogo, lakini aliyekaa ameinamia meza hana pa kwenda, teke lote linaishia begani. Mtu anatoka renji na karatasi nzuri na woga mpya, akidhani ameongeza ujuzi.

Halafu kuna habari ya mwinuko wa ardhi, ambayo nimeisikia ikielezwa kwa uzito mkubwa na watu wenye elimu yao. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Vitalu vya Selous viko chini mno, mita mia chache tu. Basi, wanasema, ukisawazisha darubini Arusha ambako hewa ni nyepesi, kule Selous kwenye hewa nzito risasi itaanguka chini, na mazoezi yote ya nyumbani ni bure. Hewa kweli ni nyepesi, kwa karibu asilimia 12. Lakini risasi ya .375 inamaliza mita 200 kwa muda usiofika theluthi moja ya sekunde, na kwa muda huo hewa haina nafasi ya kuifanyia mengi. Tofauti kati ya Arusha na Selous kwa umbali huo haifiki sentimita moja na nusu. Kwa mita 80, ambako mbogo wengi hupigwa au karibu zaidi, huwezi kuipima.

Kinachoangusha risasi ni umbali. Bunduki hiyohiyo ikisawazishwa mita 100, itapiga chini sentimita tano au sita kwa mita 150, na karibu sentimita 16 kwa mita 200. Sasa nenda mbuga tambarare upande wa Ziwa Natron saa saba mchana, mvuke wa joto unacheza juu ya nyasi, choroa amesimama peke yake bila mti wa kumlinganisha nao, ukadirie umbali wake. Wengi watasema mita 150. Akiwa mita 200, sentimita kumi zimepotea kwenye kichwa cha mkadiriaji, kabla hata hajaigusa bunduki. Anayehangaika na mwinuko wa Arusha anahangaika na kitu kidogo kwa sababu kinaonekana cha kitaalamu, na kikubwa kinampita.

Basi mwezi uliobaki ufanyweje? Ningeipa meza asubuhi moja. Sawazisha, thibitisha, ondoka. Siku zilizobaki simama kwa miguu yako na fimbo tatu zilizofungwa pamoja kwa juu, zile ambazo mfuatiliaji wa nyayo huzibeba begani na kuzitandaza mbele ya mgeni. Karibu kila mbogo hupigwa hivyo, kwa kuwa nyasi hazikuruhusu kulala na mara nyingi hata kupiga goti hakukupi njia ya kuona. Ajabu ni kwamba watu wengi huzigusa fimbo hizo kwa mara ya kwanza wakiwa tayari mbele ya mnyama. Anza mita 50. Shabaha iwe na upana wa sahani ya wali, rangi ya vumbi, bila nukta nyekundu katikati, kwa kuwa mbogo hana nukta. Bora zaidi chora umbo la mnyama aliyegeuka ubavu nusu, ujilazimishe kufikiri moyo uko wapi ndani yake. Kwa mbogo moyo umekaa chini kuliko watu wanavyodhani, theluthi ya chini ya kifua, kati ya miguu ya mbele. Wanaolenga katikati ya ubavu nyuma ya bega hupiga nyuma na juu mno, kisha wakailaumu risasi.

Kabla ya kupiga, panda kilima kwa haraka. Watu wa Arusha hatuna kisingizio hapa, miinuko tunayo kila upande. Ufike unahema, utandaze fimbo, upige risasi moja kabla mwenzako hajahesabu sita, na uivute bolti kitako kikiwa bado begani. Risasi tano za namna hiyo zinachosha kuliko ishirini za mezani, na zinafundisha zaidi. Mwenzako akikupakia risasi bandia katikati ya zile za kweli bila kukuambia, utaujua ukweli wote: kifyatulio kinagonga patupu, hakuna mlipuko wa kuficha kitu, na wewe mwenyewe unaona mtutu ukiinama. Hakuna karatasi inayoweza kukueleza hivyo.

Sehemu kubwa ya mazoezi haya haihitaji renji hata kidogo, na nasisitiza hili kwa sababu kupata mahali halali pa kupigia risasi si jambo rahisi, na kwenda kupasua kimya cha pori bila ruhusa ni kosa. Chumbani kwako, bunduki imekaguliwa mara mbili kwamba ni tupu, risasi zote zimefungiwa chumba kingine, watoto wamelala, unaweza kuinua, kulenga na kufyatua patupu kila jioni. Bunduki za bolti za kisasa zinavumilia. Zile za mitutu miwili za zamani zinahitaji risasi bandia ndani, zisije zikavunjika pini. Robo saa ya kazi hiyo haina sifa wala picha. Labda ndiyo sababu haifanywi.

Kuna pingamizi moja lenye nguvu, nalo ni fedha. Risasi za .375 zinatoka nje, ni ghali, na huwezi kuzinunua kama unavyonunua betri. Ni kweli, lakini hoja hiyo inaishambulia meza kuliko inavyonishambulia mimi, maana meza ndiyo inayokula maboksi. Na ukizungumzia gharama, taja zote. Kwa mgeni anayelipia, mnyama aliyejeruhiwa na kupotea huhesabiwa kama aliyepatikana, na ada ya mbogo mmoja ni kubwa mara nyingi kuliko bei ya boksi la risasi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inamdai aliyejeruhi amfuate mnyama mpaka ammalize. Katika utekelezaji, anayetangulia kuingia kichakani kufuata damu ni mfuatiliaji wa nyayo, nyuma yake mwindaji bingwa, na askari wa wanyamapori yuko papo hapo. Hao hawakuifyatua ile risasi. Wamekuja kulipa deni la mtu aliyekuwa na karatasi nzuri.

Mazoezi ya kusimama yana faida nyingine ambayo meza haitoi kamwe: yanakupa kikomo. Sogeza shabaha kidogo kidogo mpaka uone umbali ambao risasi ya kwanza, mtutu baridi, moyo unadunda, inaanza kutoka nje ya sahani. Rudi hatua moja nyuma. Hapo ndipo ulipo, msimu huu. Kwa wengine ni mita 120, kwa wengine ni 60. Ukifika kambini, mwambie mwindaji bingwa namba hiyo jioni ya kwanza, bila kuongeza chumvi, kabla hajaanza kukisia mwenyewe. Kama ni 60, atajua kwamba kesho atawapeleka kwenye kichaka na si kwenye uwanda wazi, na atatoka na kifuko chake cha majivu cha kupimia upepo mapema zaidi.